Prosesa ipi uikabidhi siri? Intel, AMD, mashine kuukuu, POWER9, ARM na RISC-V mbele ya hofu ya mlango wa uani

Hakuna muuzaji wala mtaalamu anayeweza kukuapia kwamba prosesa fulani haina mlango wa uani wa serikali, yaani njia ya siri ya kuingilia. Sababu yake ilionyeshwa mwaka 2013 na Georg Becker na wenzake: ili kuharibu jenereta ya namba nasibu iliyomo ndani ya chipu, si lazima uongeze hata waya mmoja. Inatosha kubadili aina ya kemikali inayochanganywa na silikoni kwenye transista chache. Chipu hiyo ukiichubua tabaka kwa tabaka na kuiweka chini ya hadubini inafanana na nzima, na inafaulu hata jaribio inalojifanyia yenyewe inapowaka. Namba inazotoa ni nasibu machoni pa kila mtu, isipokuwa machoni pa aliyeichezea.

Kwa hiyo swali la ipi safi na ipi chafu liwekwe kando. Yako mambo yanayopimika. Ni programu gani inaamka kabla ya mfumo endeshi wako? Nani ameitia sahihi? Inafika kwenye mtandao? Inaondoleka? Na udhaifu ukigunduliwa kesho, nani atauziba? Chagua kwa majibu ya maswali hayo, usichague kwa kuangalia nani anamtuhumu nani.

Kilichothibitika na kinachosemwa

Kwamba serikali huweka milango ya uani si porojo. Mwaka 1993 Marekani ilitangaza hadharani chipu ya Clipper ya kusimba mawasiliano, iliyobuniwa na NSA (shirika lake la ujasusi wa mawasiliano), ambayo nakala ya ufunguo wake ingehifadhiwa serikalini. Mwaka 1994 Matt Blaze alionyesha kwamba sehemu iliyobeba taarifa za ufunguo ililindwa na hakikisho la biti 16 tu, unaloweza kulighushi kwa kujaribu mara nyingi, na haukupita muda mradi ukafa. Dual_EC_DRBG, mbinu ya kuzalisha namba nasibu, iliingia kwenye viwango vya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2006. Dan Shumow na Niels Ferguson wakaonya mwaka 2007 kwamba inaweza kuwa na ufunguo wa siri, na NIST ikaiondoa mwaka 2014, baada ya Edward Snowden kuvujisha nyaraka za NSA. Crypto AG ya Uswisi, iliyowauzia wateja wa serikali mbalimbali mashine za kusimba ujumbe, ilikuwa mali ya CIA na shirika la ujasusi la Ujerumani, BND. Hilo lilianikwa Februari 2020.

Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni prosesa ya kawaida ya kompyuta. Huku kwenye prosesa, tuhuma ni tele na ushahidi haba. Juni 2023 FSB, idara ya usalama ya Urusi, ilidai Apple inashirikiana na NSA. Oktoba 2024 chama cha usalama wa mitandao cha China kilitaka bidhaa za Intel zichunguzwe. Julai 2025 mamlaka ya mtandao ya China iliiita Nvidia ijieleze kuhusu chipu ya H20. Apple na Nvidia zilikana, nayo Intel ikajibu kwamba usalama wa bidhaa ni kipaumbele chake. Waswahili husema lisemwalo lipo, lakini kwenye silikoni lisemwalo ni la kisiasa mara nyingi kuliko la kiufundi.

Kesi zinazofundisha ni zile za katikati. Desemba 2023 watafiti wa Kaspersky walieleza jinsi shambulio la Operation Triangulation lilivyotumia rejista za maunzi zisizotajwa katika waraka wowote, ndani ya chipu za Apple kuanzia A12 hadi A16, kuruka ulinzi wa kumbukumbu. Je, zilikuwa za kupimia chipu kiwandani zikasahauliwa, au ziliachwa kwa makusudi? Ukizitazama kwa nje huwezi kutofautisha. Au chukua prosesa ya VIA C3: mwaka 2018 Christopher Domas alionyesha kwamba amri ya baiti mbili, 0F 3F, inafungua seti nyingine ya amri, na kwenye baadhi ya mashine iliachwa wazi tangu kiwandani, hivi kwamba programu yoyote ya kawaida inaweza kujipandisha hadi ngazi ya kerneli, moyo wa mfumo endeshi. Kumbe seti hiyo ilikuwa imetajwa katika waraka wa mtengenezaji mwenyewe. Uzembe na hila huacha alama zilezile, ndiyo maana ulinganisho huu haujishughulishi na nia ya mtu.

Intel: mpangaji wa chumba cha ndani

Tangu 2008, karibu kila chipseti ya Intel (chipu zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine) ina kompyuta ndogo ndani yake iitwayo Management Engine, kwa kifupi ME. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake iliyotiwa sahihi na Intel. Kuanzia toleo la 11, lililokuja na kizazi cha Skylake mwaka 2015, inaendesha mfumo endeshi wa MINIX 3. Inaweza kubaki macho hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa.

Usiichanganye ME na AMT. ME ipo karibu kila mahali. AMT ni huduma inayokaa juu yake, kwenye mashine za vPro pekee (daraja la Intel la ofisini), ili msimamizi wa kampuni aweze kuiwasha, kuizima au kuitazama kompyuta akiwa mbali. Hatari ya mtandao iko zaidi kwenye AMT, na hapa kuna mambo yaliyothibitika kabisa. Mei 2017 uliwekwa wazi udhaifu CVE-2017-5689. Msimbo wa AMT ulilinganisha jibu la nenosiri kwa kutumia urefu wa jibu alilotuma mgeni, badala ya urefu wa jibu sahihi. Mgeni akituma jibu tupu, herufi sifuri zinalinganishwa na herufi sifuri, zinalingana, anaingia. Hakuna shirika la kijasusi lililohitajika hapo. Mwezi uliofuata Microsoft ikaeleza kwamba kundi la PLATINUM lilikuwa likihamisha mafaili kupitia AMT, chini kabisa ya ukuta wa moto wa mfumo endeshi, kwa kutumia huduma kama ilivyo, bila hata kuhitaji udhaifu wowote.

Kujua kama AMT yako iko wazi, pima kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huohuo:

`nmap -p 623,664,16992-16995 anwani-ya-mashine`

Ukipima ukiwa ndani ya mashine yenyewe utaona kimya na utadanganyika, kwa sababu ME hunyakua pakiti zake kwenye kadi ya mtandao kabla hazijafika kwenye mfumo endeshi. Poti 16992 au 16993 ikijibu, AMT imewashwa. Washa upya, bonyeza Ctrl+P, ingia MEBx, menyu ya mipangilio ya ME. Nenosiri la kiwandani ni `admin`, na mtu yeyote aliyekaa na mashine yako kwa dakika moja anaweza kuwa amekutangulia. Libadilishe, kisha zima AMT. Kama BIOS (programu dhibiti inayoiwasha mashine) ina chaguo la kuizima moja kwa moja, tumia hilo pia. AMT hutegemea kadi za mtandao za Intel, kwa hiyo kutumia kadi ya USB ya kampuni nyingine huinyima njia. Ni dawa ya kienyeji, na inafanya kazi.

ME yenyewe haitoki kirahisi. Kwenye mashine za kizazi cha Nehalem (Core i3, i5 na i7 za kwanza) na baadaye, ukiifuta yote kompyuta inajizima baada ya dakika 30. Trammell Hudson aligundua kwamba ukifuta sehemu fulani tu, kile kipima muda hakilipuki. Nicola Corna akajenga juu ya ugunduzi huo zana iitwayo me_cleaner. Agosti 2017 watafiti wa Positive Technologies wakakuta biti moja iliyoitwa HAP, jina la mpango wa NSA wa kompyuta za serikali ya Marekani zenye usalama wa juu: ukiiweka 1, ME 11 hufanya kazi ya kuwasha mashine kisha inajilaza. Yaani serikali inayoshukiwa kuitumia ME iliomba kitufe cha kuizimia kwenye mashine zake. Anayetaka kufikiri juu ya jambo moja tu katika suala hili lote, afikiri juu ya hilo. Halithibitishi mlango wa uani, ila linaonyesha kwamba wanaojua kazi hawakupenda kuishi naye mpangaji huyo.

Hatua zenyewe, mfano ThinkPad X230 ya 2012. Ubao wake una chipu mbili za kuhifadhia programu dhibiti, moja ya MB 4 na nyingine ya MB 8. ME iko kwenye ile ya MB 8. Toa betri, chomoa chaja, ondoa kibodi na sehemu ya kuwekea viganja, kisha bana klipu ya SOIC-8 juu ya chipu, ukihakikisha pini namba 1 (yenye kidoti) inalingana na waya namba 1. Soma mara mbili kwa kifaa cha kusomea chipu, hapa CH341A:

`flashrom -p ch341a_spi -r nakala1.bin`
`flashrom -p ch341a_spi -r nakala2.bin`
`sha256sum nakala1.bin nakala2.bin`

Hashi (alama za utambulisho wa mafaili) zikitofautiana hata herufi moja, usiandike chochote. Sababu ya kawaida ni klipu iliyolegea, au umeme wa kifaa kuvuja kwenda kulisha ubao mzima hivi kwamba chipu inapata volti pungufu, au waya mrefu kuliko sentimita 20. Jihadhari na CH341A nyeusi za bei rahisi: nyingi hutoa volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu ni ya volti 3.3. Wengi hupona, wengine huunguza ubao. Raspberry Pi ni salama zaidi, na unaweza kuipunguza kasi kwa `spispeed=512`.

Hashi zikilingana, weka nakala hiyo mahali pawili, halafu:

`python3 me_cleaner.py -S -O safi.bin nakala1.bin`

Alama ya `-S` inaweka biti ya kuzima na pia inafuta moduli zisizohitajika. Kwenye ME za toleo la 6 hadi 10 biti hiyo huitwa AltMeDisable, si HAP, lakini kazi ni moja. Kutoka MB 1.5 hadi 5 za awali inabaki karibu KB 90. Kwenye toleo la 11 na kuendelea inabaki karibu KB 300, kwa kuwa kerneli yake lazima ibaki. Andika `safi.bin`, unganisha mashine, iwashe uiache kwa zaidi ya dakika 30. Ikivuka nusu saa bila kuzima, umefaulu. Isipowaka kabisa, rudisha `nakala1.bin`, ndiyo maana ulisoma mara mbili.

Kinachobaki bado ni msimbo wa Intel uliotiwa sahihi na Intel, nao unatangulia kila kitu. Umeupunguza, hujauondoa.

Mashine za kuanzia Haswell, 2013, zinaweza kuwa na Boot Guard: alama ya ufunguo wa mtengenezaji wa kompyuta imechomwa kwenye chipu na haibadiliki, hivyo programu dhibiti nyingine inakataliwa. Hapo coreboot na Libreboot, programu dhibiti huria, hugonga mwamba. Isipokuwa pale ambapo ME yenyewe ni mbovu: mwishoni mwa 2024 Libreboot ilianza kuikubali ThinkPad T480 kwa njia ya deguard, inayorudisha toleo la zamani la ME 11 na kutumia udhaifu wa 2017 (tangazo la Intel SA-00086) kuivuka Boot Guard. Tundu la mwizi limekuwa mlango wa mwenye nyumba. Kwa asiyetaka kushika klipu, System76 na Purism wamewahi kuuza laptopu ambazo ME imezimwa tangu kiwandani. Uliza kwa kila modeli, kwa sababu hali inabadilika kizazi hadi kizazi.

AMD: haina AMT, lakini haina kitufe pia

PSP (Platform Security Processor) ya AMD ni kiini cha ARM kilichowekwa ndani ya prosesa yenyewe tangu miaka ya 2013 na 2014. Kwenye familia ya Zen, ya 2017 na kuendelea, PSP ndiyo inayoamka kwanza, inaiandaa RAM, halafu ndipo inaviruhusu viini vya x86 kuanza. Kwa hiyo kuiondoa ni kuua mashine. Chaguo lililoonekana kwenye baadhi ya BIOS mwishoni mwa 2017, la kuzima PSP, linakata tu mawasiliano yake na mfumo endeshi. Kazi ya kuwasha mashine inaendelea kuwa yake.

Upande wa faida, mashine ya kawaida ya AMD haina huduma ya mbali inayofanana na AMT, kwa hiyo uso wake kwa mtandao ni mdogo. Ukilinganisha mashine mbili za dukani zisizoguswa, AMD isiyo ya daraja la PRO dhidi ya Intel yenye vPro, AMD inashinda kwa hofu ya mtandao. Ukilinganisha na Intel ambayo biti yake ya HAP imewekwa, mambo yanageuka.

Mwaka 2025 watafiti wa Google walitoa mfano ambao kila anayesoma kuhusu milango ya uani anapaswa kuujua, uitwao EntrySign. Maikrokodi, yale maelekezo madogo yanayorekebisha prosesa baada ya kuuzwa, hukaguliwa sahihi kabla ya kupokelewa. AMD ilitumia, kwa kazi hiyo, ufunguo wa mfano uliochapishwa katika waraka wa NIST ili watu wajifunzie. Google wakatengeneza maikrokodi yao, na kwa kuonyesha tu, wakaifanya amri ya RDRAND, inayotakiwa kutoa namba nasibu, itoe 4 kila mara. Zen 1 hadi Zen 5 zilipatikana na udhaifu huo. Kufanya hivyo kunahitaji kuwa tayari na mamlaka ya kerneli, na mashine ikiwashwa upya maikrokodi hiyo hupotea, lakini somo la Becker la 2013 hapa limetekelezwa bila kugusa kiwanda. Kama unatumia Zen, sasisha BIOS. Hakuna mjadala hapo.

Mwaka 2023 AMD ilitangaza openSIL, msimbo huria wa kuchukua nafasi ya AGESA, msimbo wake uliofungwa wa kuiandaa prosesa inapowaka. Ni habari njema kwa sehemu ya x86. PSP haiguswi.

Mashine kuukuu: huru, na zimesahauliwa

ThinkPad X200 na T400 za 2008 zinatumia chipseti ya GM45, ambayo ME yake inaondoka yote. Zana ya ich9gen inatengeneza KB 12 tu za mwanzo wa chipu (KB 4 za maelezo ya mgawanyo na KB 8 za kadi ya mtandao), na Libreboot inachukua sehemu iliyobaki. Usisahau kuandika anwani yako ya MAC katika zile KB 8, vinginevyo mashine zako zote zitatoka na anwani moja na mtandao utazichanganya. Kabla ya kununua klipu fungua uangalie: X200 nyingine zina chipu ya pini 8, nyingine pini 16.

Upande wa AMD, zilizotangulia PSP ni kama laptopu ya Lenovo G505s na ubao wa seva wa ASUS KGPE-D16. Kwa ubao huo chagua Opteron za 6200. Za 6300 zinahitaji maikrokodi mpya ili zitulie, nayo maikrokodi ni hilohilo sanduku lililofungwa unalolikimbia.

Na hapa ndipo wapenzi wa mashine hizi hunyamaza. Aprili 2018 Intel ilitangaza kwamba kizazi cha Core 2 hakitapata maikrokodi ya kuziba Spectre, udhaifu unaoiruhusu programu kuchungulia kumbukumbu isiyo yake. Meltdown, nduguye, inazuiwa na kerneli, na sehemu ya Spectre inazuiwa na namna programu zinavyokusanywa, ila kilichobaki kimebaki. Ukivinjari tovuti zenye JavaScript kutwa nzima kwa X200, umefunga mlango wa uani unaoshukiwa na kuacha dirisha linalojulikana. Mashine hizi zinafaa kwa kazi moja: kutunza funguo, kusaini na kusimba, zikiwa hazina mtandao. Kwa kazi hiyo hazina mpinzani wa kiwango chao.

POWER9: iliyo wazi kuliko zote zenye nguvu

Talos II na Blackbird za Raptor Computing Systems zinatumia POWER9 ya IBM. Msimbo wa programu dhibiti unaoamka kabla ya Linux uko wazi: hostboot, skiboot, Petitboot, na OpenBMC kwenye chipu ya usimamizi (BMC). Unaweza kuukusanya mwenyewe na kuuandika, wala hakuna ufunguo wa mtengenezaji unaokuzuia. Talos II ilipata cheti cha RYF cha FSF, taasisi ya programu huria, mwaka 2019. Kitu pekee kilichokuwa kimefungwa ni programu ya kadi ya mtandao ya Broadcom, nayo watu wa nje waliichambua wakaandika mbadala huria.

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kusherehekea uhuru na kuiacha OpenBMC na nenosiri lake la awali, `0penBmc`, kwa mtumiaji `root`. BMC hiyo inaweza kuiwasha, kuizima na kuiandika upya mashine nzima kupitia mtandao. Libadilishe kabla ya kuchomeka waya kwenye ruta, na ikiwezekana BMC iwe na mtandao wake wa pembeni.

Hasara zake: ni ubao wa mezani, laptopu hakuna. Inakula umeme na kupiga kelele kama seva, kwa kuwa ni seva. Programu zilizokusanywa kwa x86 pekee hazitembei. Uwazi nao haukuikinga na makosa: IBM ilitoa marekebisho ya Spectre na Meltdown mwaka 2018, kisha mengine ya akiba ya L1 mwaka 2020 (CVE-2020-4788). Raptor haikuhamia POWER10 kwa sababu sehemu ya programu dhibiti yake imefungwa, kwa hiyo anayenunua leo ananunua muundo wa 2017.

ARM, RISC-V na FPGA

ARM si kitu kimoja. Chipu ya RK3399 inaweza kuwaka kwa U-Boot na Trusted Firmware huria, hadi ule ulimwengu wa siri wa TrustZone ukajikusanyia mwenyewe. Kinachobaki ni ROM ndogo iliyochongwa kiwandani. Raspberry Pi, ambayo watu huidhania wazi kwa sababu ni ya wanafunzi, huamshwa na kiini chake cha picha, VideoCore, kinachoendesha programu iliyofungwa kabla ARM haijaanza.

RISC-V ina sifa moja inayoeleweka vibaya: kilicho wazi ni orodha ya amri, siyo chipu. Kiwanda kinaweza kuchukua orodha hiyo na kujenga chochote. Agosti 2024 watafiti wa CISPA, kituo cha Ujerumani cha usalama wa kompyuta, walitangaza GhostWrite kwenye kiini cha XuanTie C910. Amri fulani za kuandika vekta zilikuwa zinaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu halisi, zikiruka ulinzi wote, na programu yoyote isiyo na mamlaka iliweza kuzitumia. Kuliziba ni kuzima sehemu nzima ya vekta. Kama kitu hicho kingekutwa kwenye chipu ya Intel, dunia ingesema NSA.

FPGA, chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe baada ya kuinunua, ndiyo jibu la kweli kwa swali la Becker, kwa sababu aliyetengeneza silikoni hajui prosesa yako itakaa wapi ndani yake. Precursor ya Andrew "bunnie" Huang imejengwa hivyo: kiini cha VexRiscv ndani ya Spartan-7, unachokikusanya mwenyewe. Inakwenda MHz 100 na ina RAM ya MB 16. Ni ya nywila na ujumbe, usiiombe ifungue kivinjari.

| Chaguo | Kinachotangulia kuamka | Kukiondoa | Marekebisho ya udhaifu |
|---|---|---|---|
| Intel mpya | ME, imefungwa | Biti ya HAP, pale inapowezekana | Yanakuja |
| X230 iliyosafishwa | ME, karibu KB 90 | Nusu | Yamekoma |
| AMD Zen | PSP, imefungwa | Hapana | Yanakuja |
| X200, T400 | Libreboot | ME imetoka yote | Maikrokodi hakuna |
| POWER9 | Programu huria | Unaiandika mwenyewe | Yapo |
| RK3399 | ROM ndogo, kisha huria | Karibu yote | Kutegemea kerneli |
| Precursor | Unachokikusanya | Ni chako | Unayafanya mwenyewe |

RDRAND, kwa upande wowote

Kama hofu yako ni jenereta ya namba nasibu, huhitaji kubadili prosesa. Tangu 2013 FreeBSD haitumii RDRAND moja kwa moja. Huichanganya na vyanzo vingine kwanza. Linux hufanya hivyo pia, na kuanzia toleo 4.19 unaweza kuongeza `random.trust_cpu=off` kwenye mstari wa kuwashia ili namba za prosesa zichanganywe bila kuhesabiwa kuwa za kuaminika. Athari yake ni kwamba mashine isiyo na diski wala kibodi, hasa ya mtandaoni, inaweza kuchelewa kidogo kuwaka. Ni gharama ndogo: mwaka 2019 Ryzen 3000 zilitoka kiwandani RDRAND yake ikitoa biti zote 1 kila mara, na ulikuwa uzembe mtupu.

Nani achukue nini

Mtu wa ofisini asiye na adui wa dola asinunue kitu kipya. Azime AMT, asasishe BIOS, apime kwa `nmap`, yatosha. Kampuni inayonunua kwa wingi iombe modeli zisizo na vPro au ambazo ME imezimwa kwa HAP kiwandani, na iandike sharti hilo kwenye mkataba wa ununuzi, maana baada ya kupokelewa hakuna atakayefungua laptopu 200 kwa klipu.

Mwanahabari au wakili mwenye siri za watu anahitaji mashine mbili. Ya mtandao iwe T480 ya Libreboot au AMD mpya iliyosasishwa. Hiyo ndiyo itakayoshambuliwa kupitia kivinjari na viambatisho vya barua pepe, kwa hiyo marekebisho ni muhimu kuliko uhuru wake. Ya funguo iwe X200, kadi ya Wi-Fi ikiwa imetolewa kimwili, faili zikipita kwa kadi ya SD. Anayeendesha seva ya kusaini programu za wengine, na umeme anao, POWER9 inamfaa kuliko yoyote.

Na chochote utakachochagua, usikiagize kwa posta kwa jina lako kama unaamini kweli kwamba dola inakufuatilia. Picha zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha wafanyakazi wa NSA wakifungua kasha la Cisco lililokuwa njiani kwa mteja, ili kutia vifaa vyao ndani. Nunua kwa mkono kutoka rafuni, mashine ambayo muuzaji hakujua kwamba wewe ndiye utakayeichukua. Ukifika nayo, soma chipu ya programu dhibiti siku hiyohiyo, tunza hashi yake nje ya mashine, na uilinganishe kila inaporudi kutoka kwa fundi.